Hela ya Saumu na Jahazi la Pangani

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma yote, na nimeona nikujibu hapa hapa mbele ya wenzako, kwa sababu swali lako ni la wengi. Leo ni jahazi. Kwa mwingine ni lori, ni nyumba ya urithi, ni mashine ya kusaga.

Kwa ambao hawajui habari yenyewe: mwenzetu ni mkulima wa vitunguu saumu Dongobesh, Mbulu, na msimu umemwendea vizuri. Kaka yake anaendesha lori, hulala Tanga mara kwa mara, na huko ameonyeshwa jahazi la zamani linalouzwa Pangani. Mwenye chombo amezeeka, watoto wake hawataki kazi ya bahari. Kaka anataka ndugu wanne wachange, walinunue, walitengeneze, lipeleke watalii Kisiwa cha Maziwe. Fungu la mwenzetu ni karibu hela yote ya saumu, na ikipungua anatakiwa ajazie kwa mkopo wa VICOBA. Baba mkubwa ameshasema mbele ya ukoo kwamba mtu wa Mbulu na bahari ni wapi na wapi. Naye ananiuliza: "Dada, ni ujinga?"

Si ujinga. Mtu kukaa milimani hakumzuii kumiliki chombo cha majini. Uingereza, tangu sheria ya meli ya mwaka 1854 na hata kabla yake, chombo kiliandikishwa kwa hisa 64, na ukifungua rejista za bandari zao ndogo utakuta wenye hisa ni wakulima, wauza duka, waoka mikate, wajane. Wengi wao hawakuwahi kushika usukani. Walichofanya ni kununua hisa chache katika chombo hiki na chache katika kile, ili kimoja kikizama wasifilisike, na kumchagua mwenzao mmoja anayejua bandari asimamie matengenezo, nahodha na hesabu. Utaratibu huo umewatajirisha watu waliokuwa wakilima shayiri. Basi hilo la baba mkubwa liwekeni pembeni kwa heshima.

Tena mpelekeeni habari ya Liemba, maana nina hakika ataipenda. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli, kisha kikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, yakapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Tabora, yakashushwa Kigoma. Meli ya mita 71 ilivuka nchi kavu ya Wagogo na Wanyamwezi ikiwa ndani ya mabehewa! Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa kiwanda hicho: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Hao waliiunganisha upya msumari kwa msumari, na tarehe 5 Februari 1915 ikaingia Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Götzen, gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza.

Ninachotaka ukishike kilitokea mwaka uliofuata. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanakimbia, na amri ikatoka meli izamishwe isiangukie kwa adui. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene, kila mahali. Walikuwa wameshindwa vita. Hawakuwa na uhakika wa kuiona tena. Lakini walikuwa mafundi, na mashine ile waliijua. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakakuta mashine zinafaa kutengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bendera ya Kijerumani ikapita, ikaja ya Kiingereza, ikaja yetu. Imekuwa mali ya Reli ya Tanganyika, ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ya Shirika la Reli Tanzania, kisha ya Kampuni ya Huduma za Meli. Injini ya mvuke ikatolewa miaka ya 1970, ikawekwa ya dizeli. Mama wa Kirando na Kasanga wameipandia dagaa na mahindi hadi Mpulungu kule Zambia. Mwaka 2023 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Brodosplit ya Croatia ili ikarabatiwe tena. Zaidi ya miaka 100, mdogo wangu, na haikuwa kwa sababu ya wenye hatimiliki. Wenye hatimiliki walikuwa wanabadilika. Ni kwa sababu katika kila zamu alikuwepo mtu wa kuipaka grisi.

Ndiyo maana swali lako mimi naligeuza. Umeniuliza kama jahazi ni biashara nzuri, bei ni halali, wazungu watakuja. Mimi nakuuliza: nani amekuwa akilitunza, na mkishalinunua nani atalala nalo? Wewe utakuwa Dongobesh unapalilia. Kaka yako atakuwa barabarani. Ndugu wawili wengine mmoja yuko Haydom na mmoja Arusha. Nyinyi wanne mnataka kununua kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu atakayekiona kwa wiki nzima mfululizo. Ukimpa jirani ng'ombe akufugie, unajua kila jioni anarudi zizini, na akiugua utaambiwa mnadani. Jahazi likianza kuoza chini ya maji Pangani, nani atakuletea habari mnadani Dongobesh?

Wakubwa wa dunia wameshindwa hapo hapo. Starehe ya kumiliki chombo cha matembezi walianza nayo Waholanzi karne ya 17. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ukampa mfalme Charles II wa Uingereza chombo kizuri kiitwacho Mary, na tangu hapo kila mwenye enzi akataka chake. Sisi pia hatukubaki nyuma. Mwaka 1836 Sayyid Said wa Zanzibar na Oman alimzawadia mfalme wa Uingereza meli ya kivita ya mizinga 74, Liverpool, nao wakamrudishia chombo cha anasa kilichoitwa Prince Regent. Sultani alikuwa mtu wa biashara na vita. Chombo cha kukalia juu ya mito ya hariri hakikuwa na kazi kwake, na hakukaa nacho. Mimi namwelewa kabisa.

Mwanawe Barghash hakufanya hivyo. Tufani ya Aprili 1872 ilimvunjia merikebu zake bandarini Unguja, na baadaye akaagiza Uskoti meli yake mwenyewe, Glasgow, iliyofika mwaka 1878. Ilikuwa nzuri ya kutazama, ina vyumba vya kifalme na mizinga. Lakini haikumfaa kwa vita wala kwa safari, ikakaa imetia nanga mbele ya jumba miaka mingi. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya dakika arobaini hivi kati ya Waingereza na Sayyid Khalid aliyekuwa ametwaa kiti cha usultani, Glasgow ilirusha risasi zake chache, ikapigwa, ikazama pale pale ilipokuwa imefungwa. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari, kila mtu akiiona, mpaka mabaki yakavunjwa mwaka 1912.

Na huko kwa wenzetu wenye fedha za kumwaga mambo yamekuwa hayo hayo. Chombo cha Kimarekani kiitwacho America kilishinda mashindano ya kuzunguka kisiwa cha Wight mwaka 1851 na kuacha jina kwenye kombe linalogombewa hadi leo. Mwaka 1942 kilikuwa kimewekwa bandani Annapolis, theluji ikaangusha paa juu yake, na 1945 kikavunjwa. Gipsy Moth IV, ambacho Francis Chichester alizunguka nacho dunia peke yake mwaka 1966 hadi 1967, kiliwekwa Greenwich juu ya zege ili watu wakitazame. Kilitazamwa hadi kikaoza. Mwaka 2004 kiliuzwa kwa pauni 1 na glasi ya jini na toniki, kwa waliokuwa tayari kubeba gharama za kukirudisha majini. Hiyo ndiyo bei ya chombo maarufu kisichokuwa na wa kukitunza. Ukisikia jahazi la Pangani linauzwa rahisi, kumbuka hiyo pauni moja.

Sasa linganisha na kimashua kidogo cha mvuke kilichoundwa Uingereza mwaka 1912 kwa jina la Livingstone, kikaletwa kufanya kazi Ziwa Albert na Mto Nile, Uganda. Hakikuwa cha mfalme. Kilibeba abiria na mizigo miaka na miaka, mwaka 1951 kikaonekana kwenye filamu ya The African Queen, na leo kiko Key Largo, Florida, bado kinapakia watalii. Kipo kwa sababu kinafanya kazi, na mwenye kukiendesha yuko juu yake.

Haya, tuje kwenye jahazi lenyewe. Sipendi kukuachia maneno ya jumla halafu ukaibiwe.

Jahazi ni mbao, na mbao ya chombo inataka mambo ambayo hela haiwezi kuyafanya ikiwa Dongobesh. Kati ya ubao na ubao hutiwa pamba iliyolowekwa mafuta. Hiyo ndiyo kalafati, na hulegea. Chini hupakwa deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa ubao kimya kimya hadi ukabaki kama sega la asali. Kazi hii si ya mara moja. Kila baada ya miezi michache chombo hupandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakishatoka kinalazwa upande, kinakwanguliwa, kinakaushwa, kinapakwa, halafu kinageuzwa upande wa pili. Ukikosa zamu moja chombo hakisemi kitu. Ukikosa tatu, unanunua mbao mpya.

Kwa hiyo kaka yako akikwambia "limelala nchi kavu mwaka mzima, halijachoka," usifurahi. Jahazi lililokaa juani mbao zake hunywea, mianya hufunguka, na likirudishwa majini huvuja. Pengine baada ya siku kadhaa mbao zitavimba zikabana. Pengine hazitabana tena. Njia ya kujua ni moja: mwenye mali alitie majini, likae, nanyi mhesabu ndoo zinazochotwa asubuhi na jioni. Kama hataki kulitia majini kabla ya kulipwa, mwambieni hamna haraka.

Na mpeleke fundi wenu. Si fundi aliyeletwa na muuzaji. Pwani nzima mafundi wa vyombo wapo: Pangani penyewe, Kilwa, Nungwi kule Unguja, Matondoni huko Lamu. Mlipeni siku yake na nauli, na kabla hajafika mkubaliane kwamba atalipwa mkinunua na msiponunua. Achome kisu kwenye mkuku na kwenye mataruma, hasa tezi na mahali mlingoti unapokaa, kwa maana hapo maji ya mvua hutuama na ubao huoza kutokea ndani. Atazame misumari: ukiona kutu imechora michirizi kwenye ubao, chuma kimeanza kuliwa. Aulize mbao zimebadilishwa lini na nani alizibadilisha. Chombo chenye miaka 40 ambacho kila ubao wake una historia inayosimuliwa ni bora kuliko chenye miaka 15 kisicho na msemaji.

Muulizeni muuzaji pia kama jahazi limewahi kufanya kazi hiyo mnayoitaka. Hili nakusihi usilichukulie juu juu. Boti ya Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa Puget Sound, maji yaliyozungukwa na nchi, ikauzwa ikiwa imetumika, ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, katika kusi, ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Chini ya mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ilikuwa imezama Spice Islander, meli iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, imejazwa watu kupita kiasi kuelekea Pemba. Watoto walipotea humo. Jahazi lililozoea kubeba chokaa na boriti siyo jahazi la kubeba watoto wa watu kwenda Maziwe, hata kama linaelea vizuri. Idadi ya abiria, maboya ya kuvaa, redio, nahodha mwenye cheti: hayo yote yana gharama, na hayamo kwenye bei aliyotajiwa kaka yako.

Karatasi sasa. Bara, anayesajili na kukagua vyombo ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania; Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kama jahazi lilisajiliwa Unguja na linauzwa Pangani, ulizieni kote kuwili. Nendeni na namba ya chombo, muulize mmiliki aliyeandikwa ni nani. Mzee anaweza kuwa mkweli kabisa na bado chombo kikawa na jina la kaka yake aliyefariki, na warithi sita hawajakaa kikao. Msimlipe mtu ambaye jina lake halipo, hata kama amelia machozi ya kweli mbele yenu.

Na kuna jambo ambalo watu wa bara wengi hawalijui. Deni la kawaida hubaki kwa aliyekopa, lakini katika sheria za bahari, za nchi nyingi, kuna madeni yanayokifuata chombo chenyewe hadi kwa mnunuzi: mishahara ya mabaharia ambayo haikulipwa, malipo ya waliokiokoa kikitaka kuzama, uharibifu kiliousababisha kwa chombo kingine. Mnaweza kulipa, mkapaka rangi, mkaliita jina la mama yenu, halafu likaja kuzuiwa kwa mishahara ya mabaharia wa miaka mitatu iliyopita. Kaeni na nahodha na mabaharia wa zamani, mmoja mmoja, kahawa mkononi, mwenye mali asiwepo. Waulizeni wanadai nini. Halafu mwandike kwenye mkataba wa mauziano kwamba madeni yote ya nyuma ni ya muuzaji, na sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili mpaka muda mtakaokubaliana upite.

Mkifika hapo bado mnataka, basi nanyi wanne mwandikiane. Najua kwetu undugu unatosha, na ukiomba karatasi unaonekana una roho mbaya. Omba tu. Hisa za kila mmoja kwa idadi, nani msimamizi na analipwa nini kwa usimamizi huo, akiba ya matengenezo inayokatwa kwanza kabla ya mgao wowote, na mtu akitaka kutoka anauza kwa nani na kwa bei ya kupangwa vipi. Andikeni na mtu akifariki. Wewe umeolewa, mume wako ajue, na watoto wako wajue, kwa sababu hisa ya jahazi ambayo haijaandikwa popote itaishia kwa yule aliye karibu na ufukwe. Mgao wa mabaharia nao uulizeni kwa wenyeji. Pwani wana desturi yao ya kutoa gharama za safari kwanza, kisha fungu la chombo, la nahodha na la mabaharia, na mgeni akija na kanuni zake za mshahara wa mwezi hapati mabaharia wazuri.

Unaona sijakwambia usinunue. Mimi vyombo hivi navipenda kwa moyo wote, na inaniuma kuona majahazi yanavunjwa kuni kwa sababu watoto wa manahodha wameondoka. Nikisikia vijana wa Dongobesh wanataka kuokoa moja, nafurahi. Kama kuna kijana katika ukoo wenu, wa kike au wa kiume, aliye tayari kuhamia Pangani miaka miwili, akae na yule mzee, ajifunze kukalafati na kusoma pepo, akosee akiwa na mkubwa pembeni, hapo mna kitu. Mwombeni mzee abaki na hisa kidogo badala ya kuuza zote. Mwenye hisa atafundisha, aliyelipwa zote atakwenda kupumzika. Kama kijana huyo hayupo, anzeni na mashua ndogo, au nunueni hisa kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi ya Maziwe na chombo chake mmekiona kikirudi salama msimu mzima wa kusi.

Hela sasa, ya mwisho. Ya VICOBA usiiguse. Marejesho yana tarehe, na jahazi linaweza kukaa mchangani likimngoja fundi hadi kaskazi ivume tena, wakati wanakikundi wenzako wanakusubiri kwenye kikao. Ya saumu, toa kwanza ya mbegu, mbolea na vibarua wa msimu ujao, toa ya ada, na katika kinachobaki usipeleke zaidi ya nusu. Bei ya kununua ipeni macho kidogo tu; wekeni kando kiasi kingine kama hicho kwa matengenezo ya mwanzo, na kama nyote wanne hamwezi kukifikisha, hamjafikia bei ya jahazi hilo. Wala usitume chochote kwa simu kwa sababu kaka amesema kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho. Mwambie akupigie akiwa Pangani, chombo kikiwa majini, fundi pembeni yake, na simu ampe fundi.